Baba na Sarafu Zisizoshikika

Mimi nilienda kwa sababu ya kuku. Naliweka hilo wazi mapema ili mtu asije akanidhania mtaalamu. Dada yangu mkubwa alisema mkutano utafanyika kwenye hoteli ya maana pale Kericho mjini, na kwamba kutakuwa na kuku. Nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, bado ninayakumbuka maharagwe ya shule, yale yanayoogelea kwenye mchuzi kila moja peke yake kama yamekosana. Mkutano wa nini? Blockchain na sarafu za kidijitali. Sikujua blockchain ni nini. Kuku nilimjua. Nikavaa sweta safi.

Baba hakwenda kwa sababu ya kuku. Yeye alikwenda kwa sababu ya mapatano.

Dada alikuwa amemaliza chuo, stashahada ya mambo ya kompyuta, akarudi nyumbani kukaa. Asubuhi alichuma chai pamoja na Mama, na jioni alisimama nyuma ya zizi, mahali pekee kwetu ambapo intaneti hufika bila kusukumwa. Wakati huohuo baba mdogo, ndugu yake Baba, ana duka la mbolea na dawa za mifugo huko Chepseon, na alikuwa akitafuta mtu wa kusimama kaunta. Baba alishamwambia ndugu yake kwamba mtu yupo. Mtu mwenyewe hakuwa ameulizwa.

Ndipo dada akasikia habari za huu mkutano. Waandalizi walikuwa wanatafuta vijana wachache wa kupelekwa Nairobi kwa mafunzo, malazi na chakula juu yao, na baadaye kazi kwa atakayefanya vizuri. Namna ya kuwachagua ndiyo iliyokuwa kituko. Kila kijana alitakiwa aje na mtu mzima mmoja asiyejua chochote kuhusu mambo hayo, amfundishe palepale ukumbini mpaka aweze kufungua waleti yake mwenyewe, yaani pochi ya sarafu ndani ya simu, aitunze, na atume sarafu bila kushikwa mkono.

"Mtu asiyejua chochote," dada alisema mezani, akiikwepa sura ya Baba.

"Mbona unaniangalia kwa kutoniangalia?" Baba akauliza. "Kwani Mama yenu ana shida gani?"

"Mama anajua simu kuliko mimi."

Hiyo ilikuwa kweli. Mama yuko kwenye kundi la kanisa, la chama na la ukoo, na anaweza kugombana kwenye yote matatu huku anakamua ng'ombe.

"Baba ndiye anafaa," nikasema. "Hajui hata kuzima tochi ya simu."

Baba alinitazama mpaka nikakumbuka kwamba nina vyombo vya kuosha. Nikiwa huko kwenye vyombo nikamsikia akitoa hukumu: "Sawa. Nitakaa kwenye hicho kiti chako. Lakini usipochaguliwa, Jumatatu uko Chepseon unauza dawa ya kupe, na sitaki kusikia habari ya kompyuta tena." Dada akasema sawa. Wakapeana mikono kama watu walionunuliana ndama.

Sasa, ili uelewe yaliyotokea, lazima umjue Baba akiwa kazini. Sisi tunakaa upande wa Mogogosiek, huko Konoin, na kama majirani wote tuna chai yetu kidogo. Tukishachuma tunaipeleka kituoni, kile kibanda cha mabati ambapo karani huja na mzani kupima majani kabla lori la kiwanda halijayachukua. Wakulima wamemchagua Baba kuwa mwanakamati wa kituo, na kazi yake hasa ni kusimama kando ya mzani. Karani akisoma kilo zako, Baba anazirudia kwa sauti inayofika ng'ambo ya mto. Kama majani yako yana vijiti, anavitaja pia. Mama wa watu akileta majani magumu yaliyokomaa, kijiji kizima kinajua kabla hajakunja gunia lake.

Hakuna anayekasirika. Zamani, kabla ya utaratibu huo, kulikuwa na karani aliyesoma mzani kwa midomo iliyofungwa, na kilo za watu zilikuwa zikikonda kati ya mzani na kalamu. Tangu siku hizo Baba ana msemo wake: kinachonong'onwa kimeshaibiwa. Hata nyumbani sauti yake ni ya kituoni. Nikifeli Kemia, ng'ombe wa jirani pia hujulishwa.

Basi tukafika. Ukumbi ulikuwa na zulia linalomeza viatu, na kupitia madirisha uliona chai, maana Kericho hata ukifumba macho unaona chai tu. Mlangoni tulivishwa kadi za shingoni. Yangu iliandikwa "Mgeni". Baba aliisoma yake, akaigeuza, akaisoma upande wa pili ambao haukuwa na kitu, akaridhika.

Dada alipokwenda kujiandikisha mimi nikazunguka kwenye meza za maonyesho. Kila meza ilikuwa na kijana anayetabasamu na kitu cha bure. Nikapata kalamu. Nikapata stika. Jamaa mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba akaniita.

"Msichana, umeshasikia sarafu yetu?"

Kwenye bango lake kulikuwa na picha ya mbuzi aliyevaa taji.

"Inafanya nini?" nikauliza.

"Inapanda."

"Na mbuzi yuko wapi?"

"Hakuna mbuzi. Mbuzi ni nembo tu."

"Sasa Krismasi mnachinja nini?"

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ya kutosha kumjua mbuzi."

Akanipa tisheti ili niondoke. Nikaondoka. Mimi ni mtu wa kuelewana naye.

Baadaye wasemaji wakaanza kupanda jukwaani. Nitakuwa mkweli: nilisikiliza kwa bidii na sikuelewa. Mmoja alionyesha mchoro wa masanduku yaliyofungwa kwa minyororo. Mwingine alisema kila kitu duniani kitabadilika, akakitaja kila kitu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga pia kwa sababu nilikuwa na mikono. Baba hakupiga. Alikuwa ameweka kofia yake gotini, anatazama mbele kama mtu aliyefika kanisani akakuta ni dhehebu lingine.

Baada ya chai ya saa nne, ambayo Baba aliionja na kusema kwa sauti kwamba ni vumbi la kiwanda, ndipo shindano likaanza. Meza zikapangwa, kila moja na kijana mmoja na mtu mzima wake, na kwenye kila meza simu ya kuazimwa. Mimi nikaruhusiwa kukaa nao kwa sharti la dada: "Ukitia neno hata moja, kuku sahau." Nikafunga mdomo. Kwenye meza ya jirani alikaa mzee mmoja mwenye koti la mvua, mkulima wa chai kama Baba, amekuja na mjukuu wake.

"Baba," dada akaanza, "sahau kompyuta. Tuko kituoni. Karani akisoma kilo, wewe unafanya nini?"

"Nazirudia."

"Kwa nini?"

"Ili wote wasikie."

"Na karani akifika ofisini akabadilisha?"

"Atabadilisha aje? Kituo kizima kimesikia. Atabadilisha masikio ya watu?"

"Sasa hiyo ndiyo blockchain. Sarafu ikitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, inatangazwa. Kuna kompyuta nyingi sana, za watu wasiojuana, zote zinasikia na zote zinaandika. Moja ikidanganya, zingine zinaikatalia."

Baba aliegemea nyuma. Aliangalia jukwaa, akaangalia yale masanduku na minyororo kwenye ukuta, akamrudia dada.

"Yaani ni hiki tu wanakificha kwa Kiingereza tangu asubuhi?"

"Ni hicho, Baba."

"Si wangeniuliza."

Na mimi, bila kukusudia kabisa, nikawa nimeelewa. Iliniudhi kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kutoelewa mpaka jioni.

Mwandalizi mkuu alikuwa mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi na raba nyeupe, anayezunguka meza hadi meza akiandika kwenye kompyuta yake ndogo. Alikuwa amesimama nyuma yetu na amesikia yote. Akatabasamu, akaandika kitu, akaendelea. Dada akaketi wima zaidi. Nikaona Nairobi ikipita usoni mwake.

Hatua ya pili ilikuwa kufungua waleti. Ukiifungua, simu inakupa maneno kumi na mawili uyaandike kwenye karatasi. Hayo maneno ndiyo ufunguo. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza na ni ya ovyo tu, mwavuli, ngazi, kobe, kama ya imla ya darasa la pili. Yalipotokea, dada aliitwa mbele kupokea sarafu za mazoezi za meza yetu. Akainuka haraka. "Yaandike, Baba, uyahakikishe vizuri. Narudi sasa hivi."

Baba akaandika kwa herufi kubwa, akibonyeza kalamu mpaka meza ikalia. Akamaliza. Kisha nikamwona anavuta koti lake chini, anakohoa, anapanua miguu kidogo. Mkao huo ninaujua. Ni mkao wa kando ya mzani.

Nilitaka kusema kitu, lakini kulikuwa na yule kuku.

"Chamgei!" Baba akasalimia ukumbi.

Nusu ya ukumbi walikuwa watu wa nyumbani, na salamu ya Kipsigis haiachwi ikaning'inia. "Chamgei!" wakaitikia.

"Mimi nimetoka Konoin. Maneno yangu ni haya. Mnisikilize vizuri, na mwenye kalamu aandike."

Akaanza kusoma. Moja baada ya jingine, akipumzika katikati ili watu wamfikie. Vijana wenye kompyuta waliacha kubofya. Mtu wa maikrofoni alisimama na mdomo wazi. Ni yule mzee wa koti la mvua peke yake aliyeona hili ni jambo la kawaida kabisa. Alikuwa ameinamia karatasi yake anaandika mbio.

"Rudia la tano!" akapaza sauti.

Baba akalirudia la tano.

"Nimepata! Endelea!"

Dada alikuwa amefika katikati ya ukumbi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwona ng'ombe wake akipanda basi. Alifungua mdomo, lakini Baba alishafika la kumi na mbili, akalitamka kwa heshima, akakunja karatasi na kuketi. Watu wakacheka, si kwa ubaya, ila walicheka sana. Baba naye akatabasamu. Alidhani wamefurahia sauti.

Ndipo simu iliyo mezani ikalia kidogo. Sarafu za mazoezi zilikuwa zimeingia kwenye waleti yetu, na kabla dada hajaketi, zikatoka.

"Zimeenda wapi?" Baba akauliza.

Meza ya nyuma kijana mmoja wa rasta akainua mkono. "Ni mimi, mzee. Pole. Nimeingiza maneno yako kwenye simu yangu. Mwenye maneno ndiye mwenye sarafu."

"Umeniibia mbele ya watu wote hawa?"

"Ni za mazoezi, mzee. Nilikuwa naonyesha tu."

"Na mmeona wote?" Baba akageukia ukumbi.

"Tumeona!"

"Na zile kompyuta nyingi zimeandika?"

"Zimeandika, mzee," kijana akasema. "Mtu yeyote anaweza kuona zimetoka kwako zimekuja kwangu. Ila hazirudi mpaka mimi nitake."

Baba akafikiri. "Yaani mnaandika wizi vizuri hivyo, halafu mnauacha hapohapo?"

Nilimwona hata yule mama wa mvi akikuna kichwa kwa kalamu. Alikuja akasema kwa upole kwamba kila meza inaruhusiwa kurudia mara moja, kwa sarafu mpya, na kwamba tuna muda mpaka chakula. Hakuandika kitu. Kutoandika kwake kulinitisha kuliko kuandika.

Nikamtazama dada ili nimcheke, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu nyumbani. Nikakuta ameficha mikono chini ya meza. Nikakumbuka siku moja tukichuma chai, nilipomtania kwamba kule Chepseon ng'ombe watamsalimia kwa jina. Hakucheka. Aliniambia, "Siogopi lile duka. Naogopa kulizoea." Wakati ule niliona ni maneno ya mtu aliyenyeshewa. Pale mezani nikaona ni maneno ya mtu ambaye Jumatatu yake ilikuwa karibu sana.

Alivuta pumzi. "Baba, kosa ni langu. Nilikufundisha nusu."

"Nilikosea wapi? Uliniambia inatangazwa."

"Kilo ndizo zinatangazwa. Sasa niambie: ile namba ya siri ya kutolea pesa kwenye simu yako, huwa unaitangaza kituoni?"

Baba alishtuka kama ameulizwa rangi ya suruali ya ndani. "Mimi ni mwendawazimu?"

"Nani anaijua?"

"Hakuna."

"Hata Mama?"

Hapo Baba akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya maishani. Aliinama, akapunguza sauti. "Mama yenu anafikiri anaijua."

Nilijiziba mdomo kwa tisheti ya mbuzi.

"Basi," dada akasema, na nikaona mikono yake imerudi juu ya meza. "Kilo ni za watu wote. Maneno ni yako peke yako. Kila mtu anaona shamba lako kutoka barabarani, Baba, lakini nani anaingia kuchuma?"

"Aingie aone."

"Na hii ni hivyohivyo. Watu waone sarafu zikipita, wazihesabu wakitaka. Lakini maneno hayo, mtu akiyaomba, hata awe nani, ujue anataka kuingia shambani."

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani."

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea jembe jipya na kulipima uzito. Wakafungua waleti ya pili. Maneno mapya yalipotokea, alinigeuza mimi nitazame ukuta. Akamgeuza dada pia. Akaandika chini ya kofia, mkono mmoja umezingira karatasi kama mtoto anayekaa karibu na mwizi wa majibu. Yule mzee wa jirani akanyoosha shingo. "Soma basi, nimeshika kalamu."

"Shika chai yako," Baba akamwambia.

Kisha kengele ikapigwa, na ikatangazwa kwamba kuanzia hapo vijana wasiseme neno. Wazee watapimwa peke yao. Dada akabana midomo. Yule mama wa mvi akaanza meza za mbele, akafika kwetu, akavuta kiti na kuketi karibu na Baba kama mke wa mchungaji aliyekuja kutembelea mgonjwa.

"Mzee, nitumie sarafu moja basi."

Baba akavaa miwani, akabonyeza kwa kidole kimoja kigumu, akakosea, akarudi, akasoma namba ya waleti ya mama yule herufi kwa herufi, akatuma. Kompyuta ya mama ikalia. "Imefika. Vizuri sana." Dada alitoa pumzi ambayo nadhani aliishika tangu asubuhi.

"Sasa nione yale maneno yako, nihakikishe uliyaandika sawa."

Baba akaweka kiganja juu ya kofia.

"Yako sawa," akasema.

"Sina shaka, mzee. Lakini lazima niangalie. Mimi ndiye ninayeendesha shughuli hii."

"Nimekuona."

"Sasa?"

"Sasa hakuna."

Mama akacheka kidogo, akasogeza kiti. "Mzee wangu, alama za binti yako ziko hapa mkononi mwangu. Nisipoyaona maneno, nitaandika nini? Nitaandika ameshindwa kumaliza."

Baba akamtazama dada. Dada hakuruhusiwa kusema, na hakusema, lakini nilijua anachokifikiri, maana na mimi nilikifikiri: kwamba hapa ndipo Baba anapata Chepseon yake bila jasho. Akikataa tu, mapatano yameisha, Jumatatu dada yuko kaunta, na hakuna atakayemlaumu. Akionyesha karatasi, labda dada anapona. Kitu chepesi tu, kuinua kofia. Nilitamani nimwinulie mimi.

Baba aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya kofia na kuivaa kofia kichwani. Sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya kituoni.

"Mama, mimi nataka huyu mtoto apate alama. Wewe hujui vile nataka." Dada aliinua kichwa. "Lakini amenifundisha mtu yeyote asiyaone, na hakuniambia isipokuwa wewe. Kama nitakuonyesha, basi hajanifundisha kitu. Andika unachotaka kuandika."

Mama akaandika. Akasema asante, akaenda meza ya mzee wa koti la mvua.

Chakula kikaja. Kuku alikuwepo, na alikuwa kama alivyosifiwa, na mimi nikala kwa sababu mtu mmoja kwenye familia lazima abaki na nguvu. Dada alikuwa anazungusha wali kwenye sahani. Baba hakugusa chake.

"Nimekuharibia?" akamuuliza.

"Hapana, Baba."

"Kama yule mama angekuwa na haki ya kuona, ungeniambia mapema."

"Ningekuambia."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Basi sikukosea."

"Hukukosea, Baba. Hata kidogo." Akaweka kijiko chini. "Nilidhani unataka niende Chepseon."

"Nataka uwe na mahali," Baba akasema. "Chepseon ni mahali ninakojua. Huko kwingine sikujui, ndiyo shida." Kisha akachukua paja la kuku kwenye sahani yake, akaliweka kwenye ya dada. Nililisindikiza kwa macho safari yake yote. Sikusema neno, na naomba hilo likumbukwe siku ya hukumu.

Walipotuita tena ukumbini, yule mama wa mvi alisimama bila karatasi yoyote. Alisema mtu yeyote anaweza kumfundisha mwingine kubonyeza. Alichotaka kujua ni kama somo linabaki mwalimu akinyamazishwa, kisha mtu mkubwa akija kuomba kwa upole. Kwa hiyo alimwomba kila mmoja maneno yake, na hakuwa na haki nayo hata moja. Wengi walimwonyesha mara moja. Mmoja alitaka kumpigia picha ile karatasi ili asisumbuke kuandika. Mzee mmoja alimsomea yote kwa sauti, halafu akamwambia akisahau arudi.

"Si uliniuliza?" mzee wa koti la mvua akajitetea kutoka kwenye kiti chake, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Wachache walikataa," mama akasema. "Mmoja alikataa akijua inaweza kumgharimu mtoto wake." Akaanza kuwanyooshea kidole vijana waliochaguliwa, wasimame. Kidole kikafika kwa dada.

Hakusimama. Ilibidi nimsukume. Yule kijana wa rasta, ambaye naye alikuwa amechaguliwa, alikuja akampa Baba mkono, na Baba akaupokea, akamwambia, "Wewe ni mwizi anayejitaja. Kwetu ungepigiwa kura." Dada alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mambo ambayo uso wa mtu haukutengenezwa kuyafanya mara moja, na niliona ni vizuri nimjulishe hivyo. Akanikumbatia. Lilikuwa jambo la kuaibisha, mbele ya watu wenye stika.

Tulipogeuka, Baba hayupo.

Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya alasiri ambayo Kericho haijawahi kuikosa. Tukamwona mbele, anatembea haraka kuelekea madukani, simu iko sikioni. Sauti ya kituoni ilikuwa imerudi. Tuliisikia kutoka upande wa pili wa barabara, na nadhani Chepseon waliisikia bila simu. "Tafuta mtu mwingine wa hapo! ... Huyu anaenda Nairobi! ... Nimesema Nairobi! ... Kufanya nini? Wee, njoo nyumbani nikueleze, lakini uje umekula, maana ni maneno mengi!"

"Amekasirika?" dada akauliza.

"Ndivyo anavyofurahi," nikasema. "Hukaagi naye?"

Tukamkuta kwenye baraza ya duka moja, amezungukwa na masanduku ya safari, anabishana na mwenye duka, mwanamke mnene mchangamfu aliyetoka upande wa ziwani.

"Haya magurudumu ni ya nini? Mtoto wangu ana mikono."

"Mzee, siku hizi sanduku halibebwi, linavutwa."

"Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe, baba. Lakini hili halili."

Akalifungua, akachungulia ndani, akaligonga mgongo kama anayekagua debe. Akamwita dada alishike. Dada akalishika mpini, akalivuta hatua chache kwenye saruji, likamfuata bila ubishi. Baba alilitazama likienda na kurudi, likienda na kurudi.

"Hilo ni dogo," akasema. "Nairobi kuna baridi. Lete lile kubwa, blanketi iingie."

Mwenye duka akalishusha lile kubwa la bluu. Wakabishana bei kama watu wanaopendana, Baba akalipa, na tulipotoka alikataa katakata livutwe kwenye matope likiwa jipya. Akalipandisha begani. Akatangulia kuelekea stendi, na dada akatembea karibu naye, kichwa chake chini ya sanduku, mahali ambapo mvua haikumfikia.